Mdogo wangu hakuuawa na bahari

Mhariri,

Assalaam aleikum. Naomba nafasi katika gazeti lako. Barua hii ni ndefu kuliko zile unazochapa kwa kawaida, najua. Ukiikata, kata utakapo, lakini sehemu ya kidumu cha maji na ile ya sweta nakusihi uziache.

Mimi ni mshona kofia hapa Langoni, mjini Lamu. Mdogo wangu alikuwa fundi wa mashua. Alifariki masika yaliyopita akiwa na miaka 29, na tangu tumzike nimekuwa nikiletewa maneno. Hayasemwi mbele yangu. Yanasemwa barazani, kisha yananifikia jikoni, maana katika mji huu neno halilali njiani. Wasema bahari ndiyo iliyommaliza. Wasema kijana mwenye maradhi yale ya damu hakufaa kulala nje huko kisiwani Manda wala kushika tezo ya kuchongea mbao, na kwamba lau angekaa ndani angalikuwa hai hadi leo. Mwingine ameleta habari za jini wa mikokoni. Ya jini sitayajibu. Ya bahari nitayajibu kwa sababu yamekwisha kuzaa. Jirani yetu mmoja ana mtoto wa kiume wa miaka tisa mwenye ugonjwa uo huo, na sasa amemkataza hata kwenda forodhani kutazama boti. Mtoto anashinda dirishani. Nilipomuuliza mamake, aliniambia, "Si umeona ya ndugu yako?"

Naam, niliyaona, tena kwa miaka yote 29. Basi na niyaseme.

Ugonjwa wenyewe ni selimundu, wengi hapa huuita siko seli. Alizaliwa nao. Hata hajaanza kutembea, vidole vyake vya mikono na miguu vilivimba, akawa halali wala hatulazi. Mama alikwenda kwa maalimu, kombe la aya za Kurani likaandikwa, mtoto akanyweshwa. Alikwenda na hospitali pia, mtoto akatolewa damu. Sioni haya kusema kwamba yote mawili yalifanywa. Ila jina la maradhi tulilipata kwenye ile damu. Baba na mama walikuwa wazima, hakuna aliyewahi kulalamika mguu, kumbe kila mmoja amebeba upande wake. Wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne kuzaa mtoto mgonjwa. Kaka yetu mkubwa alipita, mimi nikapita, yeye hakupita. Na pwani hii si sisi peke yetu. Aliyebeba upande mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, na malaria tumeishi nayo karne nyingi, kwa hiyo kitu hiki kimebaki katika damu zetu. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kule Kilifi wamekuwa wakilifuatilia jambo hilo kwa miaka mingi. Wanaodhani ni laana ya nyumba fulani wangeuliza kwao kwanza.

Mama, Mungu amrehemu, alifanya lile ambalo jirani yangu analifanya sasa. Alimfungia. Mpaka alipofika darasa la sita, dunia ya mdogo wangu ilikuwa daka la mlangoni, sebule, kiwanda, yaani ua wa ndani, na ngazi za kwendea juu. Mpira hapana. Kuogelea na wenziwe pale ukutani maji yakijaa, hapana. Na maumivu yalimjia mle mle ndani. Miguu, mgongo, kifua. Alikosa shule wiki nzima nzima, na maji ya bahari alikuwa hajayagusa. Hawa wa barazani hawakuwako usiku tukimkanda kwa kitambaa cha maji moto, naye ameuma ncha ya leso asiwaamshe majirani.

Aliyemtoa ni mjomba wetu, fundi wa Matondoni. Alikuja likizo moja akamwambia mama, "Nipe huyu anishikie misumari. Nitamweka kivulini." Mama alikataa, mjomba akakaa kitako, akanywa kahawa, akaanza upya. Hatimaye kijana akapakiwa punda na kidumu chake cha maji, wakaondoka kwa njia ya mashambani. Ni mwendo wa karibu saa mbili kwa miguu kutoka mjini.

Nilidhani atarudi siku ya tatu. Alirudi shule zilipofunguliwa, mikono inanuka mafuta ya papa, na akawa hana mazungumzo mengine.

Kwa wasomaji wako wa bara, Mhariri, niwaeleze kidogo. Matondoni mashua haziundwi kwa kuangalia ramani ya karatasi. Fundi hulaza mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, chini ya mwembe au chini ya banda la makuti, akasimamisha fashini mbele na nyuma, na umbo lote lililobaki liko machoni mwake. Mbao nzuri ni za mbambakofi. Mataruma, yaani mbavu za chombo, hayakatwi kwenye ubao ulionyooka. Hutafutwa mti uliokwisha kupinda wenyewe shambani au msituni, kisha huchongwa kwa tezo mpaka ukae sawasawa mahali pake. Tundu za misumari hutobolewa kwa keekee. Na mbao zikishakutana, bado chombo hakijawa chombo, kwa kuwa kila ufa lazima ujazwe pamba iliyopakwa mafuta, igongwe kwa patasi butu mpaka ishibe. Hiyo ndiyo kalafati. Chini hupakwa deheni ya chokaa na shahamu, juu sifa, yaani mafuta ya papa.

Kalafati ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza, maana hufanywa ukiwa umekaa. Baadaye alijua zote, lakini sifa yake ilibaki pale. Nahodha akimletea mashua inayovuja, hakuanza kwa kuipindua. Aliingia ndani, akalala chali kwenye mbao, akaomba watu wanyamaze, akawa anagonga kwa kifundo cha kidole ubao baada ya ubao. Kisha hutia alama ya makaa. "Hapa, na hapa. Kwengine kuzima." Wapo mafundi watu wazima waliomcheka, na wapo waliomtuma mtoto kwenda kumwita magharibi ikishaingia ili wenzao wasione.

Kuna jambo moja la kazi yake lililonikera, nami nitalisema kwa kuwa namsifu mtu, simsifu malaika. Hakujua kutoza. Mvuvi akimwambia nyavu hazikutoka na kitu, alikubali kulipwa changu wawili na ahadi. Boti za faiba zilipozidi, alijifunza kuziziba pia. Hakupenda harufu ya ile gundi yake, alisema inamkaa kifuani, lakini za faiba angalau zililipa taslimu, na ndizo zilizonunua dawa. Mwaka 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma, mbao na miti iliyopinda vikawa shida, mashua mpya zikapungua. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko katika kaunti hii, na miaka ile fundi wa hapa alikuwa anaitazama tu. Mdogo wangu hakulaumu sana. Alisema misitu aliyoiona akipita kwa mtumbwi mingine ilikuwa imechoka kweli.

Sasa sehemu ya maji.

Daktari mmoja wa kike aliyekuwa akija kliniki alimkalisha akiwa na miaka kumi na tano hivi, akamweleza mwili wake bila kumtisha. Alimwambia chembe za damu yake zikikosa maji au hewa, au akipigwa na baridi, hupinda zikakwama kwenye mishipa midogo, na pale zilipokwama ndipo panapouma. Aliporudi nyumbani alitueleza sisi kwa njia yake. Ule mkondo wa mikokoni unaoingia Takwa, kule Manda, hupitiki kwa chombo ila maji yakijaa. Yakitoka, mashua hulala matopeni na hakuna nguvu itakayoisukuma. "Basi damu yangu ndiyo Takwa," alisema. "Mimi siruhusiwi kuwa na maji kupwa."

Tangu siku hiyo kile kidumu cha lita tano hakikumtoka mkononi. Kilikuwa cha manjano, kilichokuwa cha mafuta ya kupikia zamani, amekifunga kamba ya katani. Alikinywa chote kabla ya alasiri na akakijaza tena. Watu walimtania kwamba fundi anatembea na kisima. Alikunywa hata hana kiu, ndiyo siri yenyewe. Mwezi wa Ramadhani hakufunga, kwa kauli ya daktari na ya sheikh pia, akalisha masikini badala yake, na wapo waliomsema kwa hilo vilevile.

Na sweta. Kusi likivuma mwezi wa saba, asubuhi za hapa zina baridi kwa mwenye ugonjwa huu hata kama mgeni wa kutoka Ulaya anatembea kifua wazi. Yeye alivaa sweta ya sufi na mzula, na bahari ya kusi hakuingia. Kazi zake zote za miezi hiyo alizipanga nchi kavu. Akilowa, alivua papo hapo, hakusubiri kufika nyumbani. Alikuwa na kikoi kikavu ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya kikoi kijikebe cha vidonge. Akihisi mguu umeanza kunong'ona, hilo ni neno lake, alikaa chini wakati huo huo, hata kama tezo iko hewani na mteja anatazama saa. Wengi wetu wazima hatuna adabu ya namna hiyo kwa miili yetu.

Kwa masharti hayo, kaskazi likifika, alitoka.

Alitoka kweli. Manda alikuwa akiijua kuliko wenye viwanja huko. Alikuwa na mashua ndogo aliyoiokota ikiwa imetupwa, akaitengeneza mwenyewe kidogo kidogo kwa mabaki ya mbao za wateja. Akiondoka alinipigia hodi dirishani, "Dada, mai yameyaa," yaani maji yamejaa, basi nikajua leo hatuli pamoja. Alikwenda mpaka Takwa kwa ule mkondo, akakaa katika magofu ya mji ule uliohamwa karne ya 17, chini ya mibuyu, akiwasikiliza ndege. Watu wa Shela huenda huko kufanya dua, yeye alikwenda hata siku isiyo na dua. Usiku alilala mchangani kwa wazee wavuvi, wakichoma samaki, wakimfundisha nyota. Alikijua Kilimia kikizama na kikizuka. Malaria kwa mwenye selimundu ni hatari mara mbili, kwa hiyo hata huko alilala ndani ya chandarua, amekitundika kwenye foromali, mti wa tanga la mashua. Wavuvi walikicheka kile chandarua msimu wa kwanza. Msimu uliofuata nilisikia wawili wao wamechukua vyao.

Kasa wakipanda kutaga, hakumulika tochi. Alikaa mbali akasubiri amalize, asubuhi akapita na ufagio wa makuti kufuta alama zake mchangani ili wezi wa mayai wasijue. Hakuna aliyemlipa wala kumtuma. Aliniambia mara moja tu, na aliniambia kwa sababu nilimuuliza ufagio wangu umekwenda wapi.

Mashindano ya mashua ya tamasha la Novemba alikuwa hayakosi. Chombo kikishindana, lazima watu watoke juu ya ubao upande wa joshi, unakotoka upepo, kukizuia kisipinduke, na hapo wanataka vijana wazito. Yeye alikuwa mwembamba, macho ya manjano kidogo, hakuna aliyemchukua kwa uzito. Walimchukua kwa masikio. Alikaa chini karibu na mlingoti akisikiliza mbao, akimwambia nahodha lini alegeze demani, ile kamba ya tanga. Mwaka mmoja mashua aliyokuwamo ilifika ya pili na akazungumza mpaka Idi juu ya kamba iliyowacheleweshea ushindi. Mie nilikuwa naijua ile kamba kwa jina.

Sitaki mtu anisome akadhani nasema bahari ni dawa. Hapana. Kuna mwaka nanga ya rafiki yake ilinasa kwenye mwamba, kusi bado halijaisha, naye akajitosa kuinasua. Alitoka anatetemeka, na jioni ile ile maumivu yakamshika mapaja na mgongo, tukalala hospitali. Maji baridi huyaamsha maumivu, kila mwenye ugonjwa huu aambiwe hivyo waziwazi. Alipopata nafuu aliniambia, "Hapo nilijitakia. Bahari ina haki." Na hakurudia. Lakini alipona, akarudi kazini, akaendelea kupanda chombo kaskazi.

Sasa nije kwenye siku zake za mwisho, maana ndizo zinazopotoshwa.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza, hakuwa ametoka siku kadhaa. Hakuwa Manda wala Matondoni. Alikuwa nyumbani, kitandani, chini ya paa, ndani ya chandarua, mahali pale pale panaposemwa barazani kwamba pangemwokoa. Homa ilianza jioni, na kikohozi. Kabla ya alfajiri pumzi ikawa haishuki. Madaktari walitueleza kwamba ni kifua, na kwamba kifua ndicho kinachowachukua wengi wenye selimundu wakishakuwa watu wazima. Mapafu yakishambuliwa, damu hukosa hewa, na kwa kukosa hewa chembe zinazidi kupinda na kuziba. Tulimbeba kwa machela, njia zetu gari halipiti. Ilipotangazwa kwamba anahitaji damu, manahodha walikuja na magamba ya samaki bado mikononi, wakajipanga foleni, na mmoja alikuwa mtu waliyegombana naye juu ya malipo ya faiba. Aliongezwa damu, akawekewa oksijeni. Siku ya pili adhuhuri akafariki. Tulimzika baada ya laasiri.

Hakuna bahari hapo. Kama mtu anataka kutafuta cha kulaumu, basi alaumu maradhi aliyozaliwa nayo, na ajue kwamba maradhi hayo siku hizi yana matibabu. Mtoto akigunduliwa mapema hupewa penisilini katika miaka yake ya mwanzo ili asishambuliwe na vijidudu, hupewa foliki asidi, na kuna haidroksiurea inayopunguza vipindi vya maumivu. Mdogo wangu aliianza ukubwani, na miaka aliyoitumia ilikuwa miaka yake bora. Homa kali kwa mtoto huyu si ya kungoja asubuhi. Na wanaotaka kuoana wanaweza kupimwa damu wote wawili kabla ya posa kwenda mbali. Juni 19 ni siku ya selimundu duniani, iliyotengwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2008. Mhariri, Juni ijayo ningeomba ukurasa mmoja tu, na usiwe wa hotuba. Mtafute mgonjwa mmoja mtu mzima anayefanya kazi, umuulize anaishi vipi.

Jirani yangu nimekwisha kumwambia haya kwa mdomo, namwambia tena kwa kalamu kwa kuwa gazeti hili mumewe hulisoma. Mwanao ana miaka tisa. Mpeleke kliniki, mpe dawa zake, mnyweshe, mvishe, kisha mwache akatazame boti. Ukiogopa, nitampeleka mimi Jumamosi baada ya madrasa. Kidumu kile cha manjano ninacho.

Vifaa vya marehemu haviuzwi, na naomba mafundi wanaokuja kuulizia bei waache. Tezo, keekee na patasi zake za kalafati ni za kijana aliyekuwa akijifunza kwake, ambaye sasa yuko kidato cha nne. Marehemu alisema avichukue akimaliza mtihani, si kabla. Mashua ndogo itabaki Matondoni kwa mjomba.

Mwisho ni deni. Anayemdai marehemu aje nyumbani Langoni, tutalipa, na aje upesi. Wanaodaiwa naye pia wanajijua, na kwa wavuvi waliompa ahadi mwaka wa njaa, sisi warithi tumekubaliana kusamehe. Ila mwenye boti ya faiba ya rangi ya kijani, aliyesema mbele ya watu msikitini kwamba alishalipa yote, hajalipa. Daftari ninalo, na kurasa zake zina mwandiko wake mwenyewe.

Dada wa marehemu,
Langoni, Lamu